Kemu ya Kioko

Tulipomzika fundi Nzioki mwezi uliopita, waendesha boda boda wote wa Katangi walimsindikiza hadi kaburini kama wanavyomsindikiza mtu wao siku hizi: taa zimewashwa mchana, matawi yamefungwa kwenye usukani, na resi zinapigwa mpaka vumbi linainuka. Mchungaji aliwaomba wapunguze kelele, akachoka, akaendelea kuhubiri huku tukiona midomo yake tu. Mimi nilikuwa nimesimama na kaka yangu Kioko upande wa wanaume, jambo ambalo shangazi zetu hawakulipenda, lakini magoti yangu ni mabovu na kivuli kilikuwa upande huo. Katikati ya kelele zile nikasikia pikipiki moja iliyokuwa tofauti na zingine. Ikiachwa bila resi ilitetemeka na kukwama-kwama, ikataka kuzima. Ikipigwa resi sauti yake ilipanda ikawa nyembamba na kali, juu ya zingine zote. Nimefanya kazi ya cherehani kule Athi River zaidi ya nusu ya maisha yangu, ndani ya jengo ambalo mashine zinalia pamoja kutwa nzima, na sikio langu limezoea kuitafuta ile moja yenye shida. Lakini sauti hii niliijua kabla ya kiwanda. Nilipomgeukia Kioko alikuwa amevua kofia na kuikunja mkononi, na wala hakuwa akitazama kaburi. "Hiyo imebadilishwa kemu," akasema. Nikamwambia nimesikia.

Mwaka ambao sauti ile hunirudisha ni ule niliomaliza kidato cha nne nikasubiri matokeo, na yalipokuja nikasubiri tena mtu aniambie niyapeleke wapi. Kioko alikuwa amepanga chumba sokoni Katangi, nyuma ya gereji ya Nzioki, nami nikatumwa nikakae naye nimpikie ili nisikae bure nyumbani. Chumba chenyewe kilikuwa kimegawanywa kwa pazia la leso: upande mmoja kitanda changu, upande wa pili godoro la Kioko, jiko la mafuta na ndoo za maji. Ukuta uliotutenganisha na gereji ulikuwa mabati yaliyowahi kutumika kwingine, na kupitia matundu ya misumari ya zamani mwanga wa asubuhi uliingia ukatua kwenye blanketi langu. Maneno nayo yaliingia vivyo hivyo. Kila kitu kilinuka petroli na vitunguu. Nilikuwa nikipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa ndengu, au sukuma na ugali siku ambazo mahindi hayajakobolewa, na Nzioki alikuja kula nasi kila mchana kwa sababu yeye na Kioko walisoma darasa moja na hakuna aliyewahi kumwona mmoja bila mwingine. Alinawa kwa petroli, kisha kwa sabuni ya unga, na bado alama za vidole vyake zilibaki kwenye chapati. Nilimgombeza sana kwa hilo. Leo naona aibu kusema kwamba nilimgombeza kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumfanya anitazame.

Boda boda zilikuwa ndiyo kwanza zimejaa Katangi. Kioko alibeba walimu asubuhi, na mchana alikuwa akikimbilia barabara kuu kupokea muguka, majani ya kutafuna ambayo yakinyauka hayana mnunuzi, kwa hiyo aliyefika sokoni wa kwanza ndiye aliyekuwa na kazi kesho. Kasi ilikuwa mkate wake, sitaki kumsingizia ujinga. Lakini palikuwa pia na mambo ya Jumapili. Ibada zikiisha, Wakatoliki kwa Waprotestanti, vijana wa steji ya boda boda walikuwa wakienda kwenye ile barabara ya murram iliyonyooka, na kila mmoja akiwa peke yake juu ya pikipiki, bila abiria, bila mzigo, bila hata koti zito, walipimana. Wanakwaya walisimama kando na sare zao wakipiga vigelegele. Aliyeshinda alikuwa ndiye mwenye pikipiki nzuri kwa wiki nzima, na hakuna aliyeuliza kama pikipiki hiyo inaweza kubeba debe la maji. Hivyo ndivyo tulivyozipima pikipiki zetu, mahali tambarare, na mtu mmoja mwembamba juu yake. Kioko alikuwa akimaliza wa tatu au wa nne, na chakula cha Jumapili kilikuwa kigumu kumeza chumbani mwetu.

Kisha Nzioki akapata kemu. Aliipata kwa jamaa mmoja wa Lukenya aliyekuwa akitengeneza pikipiki za matajiri wanaokuja kuruka vilima wikendi. Nilikuwa upande wangu wa mabati nikichagua ndengu kwenye ungo nilipomsikia akimwonyesha Kioko.

"Sikia. Hii chuma ndio inazunguka hapo juu inafungua vali. Unaona hizi vinundu? Ya zamani iko na vinundu fupi, inafungua kidogo, inafunga haraka. Hii iko na vinundu kubwa. Vali inafunguka sana, na inakawia kufunga."

"Kwa hivyo nguvu inaongezeka."

"Nguvu inahama. Ona kama mlango ya kanisa. Ukiacha wazi kabisa na watu wanakuja polepole, wengine wanaingia, wengine wanatoka tena, kanisa haijai. Wakikuja mbio wote pamoja, inajaa kabla mtu ageuke. Injini ikizunguka polepole, hii kemu itaachilia hewa na petroli zirudi nje. Ikizunguka mbio, itajaa kuliko ile ya zamani. Kwa hivyo resi ya chini utapoteza, ya juu utapata."

"Chini nitapoteza kiasi gani?"

"Kiasi ya kusikia."

"Na juu?"

Nzioki alicheka. "Juu, Kioko, hawa watu hawatakushika."

Kioko hakuuliza swali lingine, nami niliendelea kutupa vijiwe vya ndengu mlangoni. Leo ningeweza kumweleza mtu jambo lile bila shida. Kila injini ina mahali pake pa kuvuta, na kemu huamua mahali hapo ni wapi. Pikipiki ya Kioko, ilivyotoka kiwandani, ilianza kuvuta mapema, ukiigusa tu, na ikachoka mapema pia. Baada ya kemu, chini haikuwa na kitu. Ulikuwa ukiibembeleza ikikohoa na kusitasita, halafu ghafla, mahali ambapo pikipiki zingine zilikuwa zimeshamaliza maneno yao, hii ndiyo ilianza kusema. Kwenye murram iliyonyooka hilo halikuwa neno. Unaipigia resi mpaka ifike huko juu, unaikalisha huko, na inakimbia. Jumapili ya kwanza Kioko alimwacha kila mtu mbali sana hata wakasema ameenda kwa mganga kuwekewa kamuti. Alirudi chumbani na mavumbi mpaka kwenye meno, akala sahani mbili, akamshika Nzioki shingoni wakacheza kama watoto. Mimi pia nilifurahi. Ilikuwa pikipiki yetu.

Na aliyefurahi kutuzidi sote alikuwa Baba. Alikuwa amefanya kazi ya kuchonga mawe kwenye machimbo ya Lukenya ujana wake wote na nusu ya uzee, na vumbi lile lilikuwa limemkalia kifuani. "Maghorofa ya Nairobi yamepitia hapa," alikuwa akisema akijigonga mbavu, kisha anakohoa mpaka Mama anatoka jikoni kumtazama. Mtu mwenye ulimi mkali, asiyesifu kitu. Chakula kizuri kwake kilikuwa "si kibaya", na matokeo yangu ya mtihani aliyasoma akayarudisha bila neno. Lakini Jumapili ile alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, akimwambia kila aliyepita, hata wale waliokuwa wameona kwa macho yao: "Yule wa kwanza ni wangu. Yule wa kwanza." Sijui kama Kioko alikuwa amewahi kumsikia Baba akijivunia kitu chake. Mimi sikuwa nimewahi.

Nyumbani kwetu kulikuwa chini, karibu na mto wa mchanga, na ili ufike sokoni ulilazimika kupanda kilima cha Kwa Kavoo. Mtu asiyekijua afikirie njia iliyopasuliwa na maji ya mvua, mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto yakiteleza chini ya tairi, kona mbili ambapo huwezi kwenda ila mwendo wa mguu. Kila baada ya wiki mbili Kioko alishuka kumchukua Baba, akampandisha hadi sokoni apate gari la kwenda kliniki ya kifua Machakos mjini. Kabla ya kemu, pikipiki ile ilipanda Kwa Kavoo na Baba pamoja na gunia la mbaazi la kuuza, polepole, gia ya kwanza, ikinguruma kama mzee anayejisemea. Baada ya kemu haikuweza. Kwenye mawe yale huwezi kupiga resi za juu, gurudumu litazunguka bure na mtaanguka nyote, na ukienda polepole injini inashuka mahali ambapo haina nguvu, inakohoa, inazima. Mara ya kwanza ilipozima kwenye kona ya chini, Baba alishuka mwenyewe. "Wacha ninyooshe miguu," alimwambia Kioko. "Wewe tangulia." Kioko akapiga resi, akapanda peke yake kwa kelele nyingi, akamngoja juu. Mara ya pili Baba alishuka kabla haijazima. Kioko alinihadithia hayo akila, bila wasiwasi wowote. Alisema kliniki inamsaidia mzee, siku hizi anapenda kutembea.

Baadaye Baba akasema amepona. Alisema kifua kimefunguka na haoni haja ya kwenda Machakos kukaa kwenye benchi na watu wanaokohoa. Kioko aliamini, kwa sababu ni rahisi kuamini habari njema inayokupunguzia safari. Mimi niliamini mpaka siku niliyoshuka nyumbani kuchukua mahindi ya kukoboa, nikalala huko, na asubuhi nikawasikia wakiongea jikoni nikiwa bado kitandani. Waliongea Kikamba, na kwa sauti ya watu wanaodhani wako peke yao.

"Mwambie kijana," Mama alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huwezi kupanda kile kilima kwa miguu. Mama Ndunge amekuona umekaa kwenye mawe, umeshika kifua, na kijana yuko juu anapiga honi."

Nilisikia kikombe cha Baba kikiwekwa chini. "Nimwambie pikipiki yake haina nguvu? Kanisa lote linajua ndiyo ya kwanza."

"Utakufa na maringo yako."

"Si yangu," Baba alisema. "Ni yake. Wewe umewahi kumwona yule mtoto akitembea hivyo, kichwa juu? Mwache."

Nililala pale nikitazama dari. Nimejaliwa kusikia maneno mengi kupitia kuta katika maisha yangu, mengi yao ya kipuuzi, lakini hayo nimeyabeba mpaka leo bila kupoteza hata moja. Sikunywa hata chai. Nilipanda Kwa Kavoo na mahindi mgongoni, na kwenye kona ya chini nikaliona jiwe lenyewe, limelainika juu kwa kukaliwa. Nilimwambia Kioko yote, mbele ya Nzioki, gereji ikiwa imejaa watu. Kioko alikasirika kwanza, kama nilivyojua angekasirika, akasema Mama anapenda kukuza mambo. Kisha akaketi kwenye tairi kuukuu na kujishika kichwa. Nzioki hakusema "nilikuambia". Alienda kwenye rafu, akashusha mkebe, akatoa ile kemu ya zamani ikidondosha mafuta.

"Niko nayo," alisema. "Naweza kuirudisha hata leo."

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili hiyo vijana wa Matuu walikuwa wanakuja kupimana na wa Katangi, na soko zima lilikuwa likimngojea Kioko. Aliitazama kemu mkononi mwa Nzioki. "Jumapili ipite tu," akasema. "Jumatatu asubuhi unairudisha, na Jumanne mimi mwenyewe nampeleka mzee Machakos. Yeye mwenyewe atataka kuona hii ya Jumapili." Na hapo alikuwa na haki, hilo ndilo linaloniuma. Baba alitaka kuiona. Alikuja. Alibebwa na jirani mwenye mkokoteni wa punda, amevaa koti la harusi, akakaa kwenye kiti alichotolewa na mama wa kibanda cha chai. Kioko aliwashinda vijana wa Matuu kwa umbali wa aibu. Baba hakusimama, sasa najua kwa nini, lakini aliinua kofia juu kwa mkono ulionyooka na kuishikilia hapo mpaka Kioko aliporudi na kuiona.

Jumatatu Nzioki alifungua injini mapema, nikiwa ndiyo kwanza nawasha jiko. Alikuwa ametandika gunia safi chini na kupanga vipande kwa mpangilio aliovitoa, kama kawaida yake. Kemu ya Lukenya ilikuwa imeshatoka. Ile ya zamani alikuwa akiifuta kwa kitambaa, na Kioko amechuchumaa kando akimpa spana, ndipo mtoto wa jirani yetu Mama Ndunge alipofika akihema: Baba yenu hawezi kupumua, mje na pikipiki. Kioko alisimama akaitazama pikipiki yake iliyolala wazi kwenye gunia. Sijawahi kuona uso wa namna ile tena na sitaki kuuona. Kisha akakimbia. Kijana mwingine wa steji aliiwasha yake, moja ya zile za kawaida zilizokuwa zikimaliza mwisho kila Jumapili, akamkuta Kioko njiani akamchukua. Walimpandisha Baba wakiwa watatu juu ya pikipiki hiyo, Kioko nyuma akimshikilia kifuani asianguke. Ilipanda Kwa Kavoo bila kuzima hata mara moja. Lakini Baba alikata pumzi sokoni, kwenye benchi nje ya duka la dawa, wakati wanatafuta gari, kofia yake ikiwa mkononi mwa Kioko. Niliporudi gereji kuchukua leso nilimkuta Nzioki bado ameinama pale pale. Alikuwa akikaza nati za kifuniko cha injini, moja baada ya nyingine, huku machozi yakimdondoka kwenye mikono. Hakuna aliyekuwa amemwambia aendelee. Nadhani hakujua aiweke wapi mikono ile kama si pale.

Tangu siku hiyo Nzioki hakuja tena kula kwetu. Nilimpelekea chakula mara chache, akashukuru, akaniita "dada", neno ambalo hakuwa amewahi kuniita, nikaelewa kwamba mlango ule umefungwa. Yeye na Kioko hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Walisalimiana kwa adabu, habari, nzuri, mpaka Kioko alipohama Katangi kwenda kuendesha lori za mchanga. Hata mazishini mwezi uliopita, mke wa Nzioki alimsalimia kaka yangu kama mgeni.

Mimi niliondoka Katangi kabla ya Kioko. Mtu wa kanisa alikuwa amenitafutia nafasi ya kushona kule EPZ, kwenye viwanda vya Athi River, na Kioko akashuka nyumbani kunichukua na sanduku langu. Lilikuwa sanduku la chuma, limejaa nguo, mbaazi na unga ambao Mama alikataa kuupunguza. Alilifunga nyuma kwa mipira, nikakaa katikati. Tulipofika chini ya Kwa Kavoo nilijiandaa kushuka, mazoea tu. "Kaa," akasema. Alitia gia ya kwanza. Ile pikipiki ikapanda. Ilipanda taratibu, ikinguruma chini kwa chini, ikikanyaga mawe moja baada ya jingine, bila kelele, bila kusitasita, ikapita kona ya chini na jiwe la Baba, ikapita kona ya juu. Sanduku lilinigonga mgongoni njia nzima. Juu kabisa Kioko alisimamisha, akazima, akakaa na mikono kwenye usukani. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Ona vile imepanda," alisema. "Mumbua, umeona vile imepanda?"



Basi mwezi uliopita, kaburi la Nzioki lilipofunikwa na watu kuanza kuelekea kwenye chakula, nilimwona Kioko akiniacha kivulini na kwenda moja kwa moja kwa yule kijana mwenye pikipiki inayokwama-kwama. Nilimfuata kwa magoti yangu mabovu, nikawafikia wakisalimiana.

"Pole kwa msiba, mzee," kijana alisema. "Fundi alikuwa mtu poa."

"Alikuwa. Ni yeye alikuwekea hiyo kemu?"

"Fundi? Alikataa kabisa. Hata sababu hakuniambia. Nilienda kuwekewa Machakos." Alipiga resi kidogo atusikilizishe, akatabasamu.

Kioko alingoja sauti ishuke. "Kwenu mko na kilima?"

"Iko. Lakini hii inapanda, mzee. Inapanda mbaya."

"Ukiwa umebeba nani?"

Kijana akamtazama kaka yangu, kisha akazima injini.